Mpangaji wa Miaka Hamsini na Sita

Barua ilifika Jumanne, na jina lililoandikwa juu ya bahasha lilikuwa la mtu aliyelala kaburini miaka thelathini na mmoja.

Kuluthum aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru tarishi wa ofisi ya nyumba, akafunga mlango. Kiingereza hakukijua, lakini jina la mumewe alilitambua hata likiandikwa kwa miguu ya kuku: Salmin Abdalla, Laini ya Saba, Bondeni. Kila karatasi ya ofisi ya nyumba ilikuja kwa jina hilo, na kila ilipokuja moyo ulimpiga paa. Hizo nyingine lakini zilikuwa nyembamba, za kawaida. Hii ilikuwa nzito, ina nembo ya rangi, na katika miaka yake sabini na mitatu Kuluthum hakuwahi kuona karatasi nzito ikileta habari nyepesi.

Aliiweka juu ya kabati, akaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi, akaichukua tena.

Salmin alikuwa dereva wa lori, Mombasa mpaka Malaba. Mwezi wa saba mwaka wa tisini na tatu alishikwa na homa akiwa Mai Mahiu, akalala ndani ya lori usiku mmoja akidhani itapita, kisha akajikokota mpaka nyumbani, Nakuru. Alifika alfajiri. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho, na kufikia alasiri alikuwa ameshazikwa, maana Waislamu hawamcheleweshi maiti wao. Watu wa msikitini walishika kila kitu. Jioni chumba kilijaa kina mama, Kuluthum katikati yao amefunikwa nguo nyeupe, eda imeanza.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane hatoki nje ila kwa dharura, hajipambi, hazungumzi na wanaume wasio wake. Ofisi ya nyumba wakati huo ilikuwa na wanaume watupu, na katika miezi hiyo Kuluthum hata dirisha hakulisogelea. Siku ya tatu ya msiba jirani yake, Mama Farhiya, alimwinamia sikioni. "Usithubutu kusema huko ofisini," alimwambia. "Nyumba ya kansa, hii ya manispaa, imeandikwa jina la mwanamume. Mwanamume akifa na jina limekufa, wanampa mtu mwingine. Wewe na mtoto mtalala wapi? Nyamaza kimya."

Mama Farhiya, Mungu amrehemu, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alisema alichosikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu, na kuhusu mambo ya ofisi watu wa Bondeni huamini lile baya kwanza, kisha hawaendi kuuliza. Eda ilipokwisha, uongo ulikuwa na umri wa miezi minne na siku kumi. Kuluthum hakujua tena aanzie wapi kuukana. Akawa anakwenda ofisini mwenyewe na kusema mzee yuko safarini. Miaka ikapita, mzee akawa anaugua kwa ndugu zake Mombasa. Hakuna dereva duniani aliyewahi kukaa safarini muda mrefu kama Salmin. Waliomzika walijua, bila shaka, lakini nao walizikwa mmoja baada ya mwingine, na wachache waliobaki hawakuwa watu wa kupeleka maneno ya mjane ofisini.

Saa kumi jioni alijifunga mtandio, akaenda nyumba ya pili kwa Mwalimu Omolo.

Omolo alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na alikuwa ameishi ukuta kwa ukuta na Kuluthum tangu mwaka wa tisini na nane. Alikuwa mtu wa maneno. Ukimletea barua akusomee, hakusomei tu, anakufundisha. Alivaa miwani, akaisoma yote kimya midomo ikicheza, halafu akapiga karatasi kwa ukucha.

"Mama Umaima, hii si mbaya. Hii ni congratulations."

"Wanasemaje?"

"Wanasema hizi nyumba za zamani zitabomolewa, wajenge ghorofa. Wapangaji wa kitambo ndio watapewa keys kwanza. Na wa kwanza kabisa kwa list, estate mzima, ni mzee wako. March 1968. Miaka hamsini na sita! Wanamwita long-standing tenant." Alilitamka neno hilo polepole. "Jumamosi officer atakuja hapa nyumbani, amwone, ampige picha, wamweke kwa jarida lao. Mzee awe na kitambulisho."

Kuluthum alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Hilo neno walilomwita ni nini?"

Hapo Mwalimu alifurahi. Alivuta kiti, akasahau kabisa barua ni ya nani. "Hili neno, long-standing, watu wanalitumia vibaya sana. Wanafikiri ni uzee. Si uzee. Mtu akiishi miaka mingi, huyo ni long-lived. Akifanya kazi moja miaka mingi, long-serving. Lakini long-standing ni ile kitu iko katikati ya watu. Urafiki unaweza kuwa long-standing. Ugomvi pia. Ahadi. Na mpangaji, kwa sababu kuna makubaliano kati yake na nyumba."

"Yaani kitu cha zamani."

"Cha zamani na bado kiko. Hapo ndipo hata wanafunzi wa form four walikuwa wanaanguka. Kitu kikiisha, hilo neno linakikataa, hata kama kilikaa miaka mia. Lazima kiwe kilianza kitambo, na leo asubuhi ukiamka, bado kinaendelea."

Kuluthum alitazama sakafu ya saruji, namna ilivyopasuka kutoka mlangoni mpaka chini ya meza. Yake ilikuwa na ufa huohuo. Nyumba zote za laini zilikuwa nao. "Na kama mmoja katikati hapo amekufa?" aliuliza, na neno likishatoka akatamani kulirudisha.

Omolo alivua miwani. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomuumiza Kuluthum zaidi.

"Mama Umaima, kila mwezi wa saba unapika pilau. Watu wa msikiti wanakuja wanasoma, halafu unaniletea sahani unaniambia ni sadaka tu. Nimekula hiyo pilau miaka ishirini na sita, na ni tamu. Nimefunza watoto miaka thelathini na nne. Mtu ambaye hajafanya homework namjua kutoka mlangoni."

Machozi yalimtoka Kuluthum pasipo kelele. Alilia kwa aibu, akalia pia kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu tisini na tatu mtu alikuwa amemwambia wazi kwamba mumewe amekufa.

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Enda useme ukweli."

"Watanitoa."

"Labda. Sijui sheria yao, mimi najua Kiingereza tu. Kwani hauna karatasi ya hiyo nyumba? Kadi ya mpangaji? Niletee nisome."

"Sijui ilikokwenda," alisema Kuluthum.

Huo nao ulikuwa uongo. Kadi ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, ndani ya kitambaa, pamoja na kitambulisho cha Salmin na kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Aliogopa kwamba mwenye macho akiitazama tu, ataona na siku ya kufa imeandikwa humo.

Bintiye Umaima alirudi magharibi na sufuria tupu za viazi karai. Alikuwa na miaka hamsini, mwanamke wa haraka, aliyerudi kwa mamake baada ya talaka na hakupenda kuulizwa habari za talaka hiyo. Alisikiliza habari za barua amesimama, bado ana vumbi la barabara miguuni.

"Kusema ukweli hatusemi," alisema. "Mama, tukitolewa hapa tunaenda wapi? Rent ya nyumba za watu unaijua wewe? Mimi nauza viazi. Hao wanataka kuona mzee, si ndio? Basi tuwaonyeshe mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee Musab."

Kuluthum aliikunja barua. "Hapana."

"Ni mzee, ana ndevu nyeupe, anavaa kanzu, na picha ya kitambulisho ni ya zamani, mtu yeyote anaweza kufanana nayo. Tena yeye hatakukatalia. Stovu yako anaitengeneza bure miaka yote, unafikiri sina macho?"

Umaima hakujua hata nusu ya jambo alilokuwa akilizungumzia.

Musab alikuwa fundi wa stovu na taa za karabai, na alikuwa na mguu mmoja mfupi aliozaliwa nao. Mwaka wa tisini na sita, Kuluthum akiwa na miaka arobaini na mitano na Umaima ameshaolewa, Musab alimtuma shangazi yake kuleta posa. Shangazi alikuja na halua na adabu zake zote. Kuluthum alimtaka Musab. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, lakini hapa lisemwe: alimtaka mpaka akawa anasikiliza mguu wake ukikanyaga njiani, hatua nzito na hatua nyepesi. Lakini ndoa hufungwa msikitini mbele ya watu, na mwanamke haolewi mumewe akiwa hai. Akiolewa, habari itafika ofisini kwamba Salmin amekufa, na nyumba itakwenda. Musab mwenyewe wakati huo alikuwa akilala dukani kwake, kati ya mitungi ya mafuta taa. Kuluthum alimwambia shangazi hapana. Sababu hakuisema, kwa kuwa sababu yenyewe ndiyo siri aliyoificha ofisi.

Musab hakuuliza. Alioa mwanamke mwingine mwema, akazaa naye, akamzika miaka sita iliyopita. Na miaka yote hiyo stovu ya Kuluthum ikiharibika aliichukua, akaitengeneza, akairudisha mwenyewe. Husimama nje, akaipitisha juu ya kizingiti, akasema "Haya, Bi Kuluthum," akaenda zake. Kizingiti hakuwahi kukivuka hata siku moja.

Alhamisi Umaima alikwenda kumwita, na Musab akaja na kisanduku chake cha spana, akidhani ni stovu tena. Alisimama palepale pake, nje.

"Ingia," Kuluthum alisema.

Alimtazama kama hakusikia. Kisha akavua viatu, akaingia, akakaa ukingoni mwa kochi na kisanduku magotini.

Umaima alijaribu kueleza akavurugika, akaanza na ghorofa, akarukia picha, akaishia kwa kofia. Mwishowe Kuluthum alimnyamazisha, akaeleza mwenyewe. Alianza na Mama Farhiya na eda. Alipofika mwaka wa tisini na sita hakuruka. Alisema kwa nini alimrudisha shangazi na halua yake.

Musab aliunyoosha mguu wake mfupi mbele yake, akautazama.

"Nilidhani ni huu mguu," alisema.

"Haukuwa mguu."

"Miaka ishirini na minane, Bi Kuluthum. Hata dukani niliweka meza mbele ili watu wasiuone. Nilijua ni mguu." Alicheka kidogo, kicheko kibaya kusikia. "Kumbe ni nyumba."

"Nisamehe."

"Ulikuwa mjane. Ungefanya nini?" Alisimama. "Jumamosi saa ngapi?"

Kuluthum alitaka amkatalie. Alitaka akasirike, apige kisanduku chini, amwambie yeye si kikaragosi cha kuvishwa kofia ya marehemu. Angekasirika yeye, Kuluthum angepata pa kushika. Lakini Musab aliuliza saa tu, akaambiwa saa nne, akaondoka. Usiku ule na uliofuata Kuluthum hakupata usingizi wa maana, na Umaima alilala fofofo.

Jumamosi Musab alikuja mapema, kanzu imepigwa pasi. Umaima alimvika kofia ya Salmin. Ilikuwa kubwa kidogo, ikamshuka mpaka karibu na nyusi. Wakamkalisha kwenye kiti cha Salmin karibu na dirisha, kiti ambacho hakikukaliwa na mwanamume tangu siku ile ya homa, na Kuluthum akakaa kwenye stuli kando yake kwa kuwa ndivyo mke angekaa. Hawakutazamana.

Ofisa alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, jina lake Jepchumba, mpole, amebeba faili la zamani na tableti. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo mzee. Shosho, habari ya asubuhi? Wueh, mimi nimefurahi sana kukutana na nyinyi. Huko ofisini tumekuwa tukisema huyu mzee lazima tumwone na macho."

Alikitazama kitambulisho, akamtazama Musab, akakirudisha. Alikuwa ameingia na imani yake tayari, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumdanganya, jambo lililomfanya Kuluthum ajisikie mchafu. Umaima alileta chai na mahamri. Jepchumba aliuliza mambo madogo madogo, mfereji wa maji ulikuwa wapi zamani, laini ilikuwa na miti gani. Musab alijibu vizuri, kwa sababu naye alikulia Bondeni na hayo hayakuhitaji uongo.

"Sasa mzee, kwa jarida tunataka ka-story kadogo. Mmeoana na shosho miaka mingapi?"

"Hesabu anayo yeye," alisema Musab.

"Hamsini na minne," alisema Kuluthum. Ndiyo ingekuwa, Salmin angekuwa hai.

"Haki! Na siri ni gani? Sisi watu wa siku hizi hata mitatu inatushinda."

Musab aliinamisha kichwa. Umaima alimkonyeza ajibu chochote, upesi, lakini Musab hakuwa akimwona Umaima.

"Siri sina," alisema. "Siku moja nilimwona pale mferejini, ana ndoo na anagombana na mtu aliyempita foleni. Nikampenda. Hata nikaona aibu, mtu mzima mimi. Basi sikuacha. Mambo mengine yaliingia katikati, watoto, kazi, maradhi, nayo nikayapa haki yake. Hili halikuondoka. Kuna miaka tulikuwa tukisemezana maneno mawili tu, nikaona si neno, nimemsikia sauti. Mpaka leo asubuhi nikiamka, liko."

Jepchumba alikuwa akiandika kwa vidole viwili, machozi yakimlengalenga, kisha akasoma kwa sauti ili ahakikishe.

"Anasema Bwana Salmin Abdalla, miaka tisini na mitatu: Siku moja nilimwona pale mferejini..."

Salmin alikuwa mume mwema, na Kuluthum hangeruhusu mtu aseme vingine. Lakini Salmin hakuwahi kutamka maneno hayo wala yanayokaribiana nayo. Mapenzi ya Salmin yalikuja na gunia la nazi kutoka Mombasa, akalitua mlangoni, akaomba chakula. Maneno haya yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi hapo amevaa kofia inayomshuka nyusi. Kuluthum alikwisha kumnyima ndoa. Sasa alikuwa ameketi kwenye stuli akiangalia hata hili moja alilobaki nalo likiandikwa jina la mtu mwingine, lipigwe chapa, lisomwe mji mzima.

"Futa," alisema.

"Nini, shosho?"

"Futa hilo jina. Maneno hayo si ya Salmin. Salmin amekufa. Alikufa mwaka wa tisini na tatu, alikufa kwenye hicho kitanda nyuma ya pazia, nami ndiye niliyeficha. Huyu ni Musab bin Athumani, fundi wa stovu. Ukiandika, andika jina lake."

"Mama!" Umaima alipiga ukelele, sahani ya mahamri ikamponyoka, ikavunjika.

Hakuna aliyeinama kuyaokota. Jepchumba alimtazama Musab, naye Musab akavua kofia, akaishika mkononi.

"Mwanangu hana kosa," Kuluthum aliendelea, ingawa haikuwa kweli kabisa. "Ni mimi. Kama ni kutolewa, nipe siku za kufunga vyombo tu."

Jepchumba aliweka tableti chini. Alikuwa amepauka usoni, na kwa muda alionekana mtoto mdogo tu aliyetumwa mahali pasipo pake. Kisha alifungua lile faili la zamani, akatoa kadi ya manjano, akaisoma mbele na nyuma, akairudia.

"Shosho," alisema taratibu, "wewe ndiye Kuluthum binti Bakari?"

"Ndiye mimi."

"Jina lako liko hapa. Chini ya la mzee, pahali pa mke. Liliandikwa 1970." Aligeuza kadi. "Na hapa nyuma wameandika sheria. Mpangaji akifariki, mke aliyeandikwa kwa kadi anaendelea na nyumba. Analeta tu ripoti ya kifo."

Kuluthum hakumwelewa. Alimwomba arudie, akarudia. Ndipo aliponyanyuka, akaenda nyuma ya pazia, akapiga magoti kwenye sanduku la bati, akatoa kitambaa na ndani yake kadi nyingine ya manjano, pacha wa ile. Yake ilikuwa mpya kuliko ya ofisi, kwa kuwa haikuguswa.

"Na hii?"

Jepchumba aliigeuza. "Ni hiyohiyo. Hapa, hii mistari ya Kiingereza. Hukuwahi kusomewa?"

Kuluthum alitikisa kichwa. Upande wa pili wa ukuta alisikia Mwalimu Omolo akikohoa, akisogeza kiti. Hatua sita kutoka hapo, miaka ishirini na sita.

"Ripoti iletwe kwa siku ngapi?" aliuliza. "Mimi nilikuwa eda. Sikuweza kutoka. Miezi minne na siku kumi."

"Hawajaandika siku. Hata ungekuja baada ya mwaka."

"Na mjane akiolewa tena?"

Swali lilitoka polepole, na lilipotoka Umaima, aliyekuwa sasa ameinama kuokota vigae vya sahani, aliacha. Jepchumba alipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini ya kadi. Alisoma kwa uangalifu, maana aliona wote watatu wanakitazama kidole chake.

"Hakuna kitu hapa kuhusu kuolewa," alisema. "Nyumba ingebaki tu yako."

Musab aliangalia dirishani.

"Hii ya kuficha itabidi niiandike, siwezi kudanganya," Jepchumba alisema, sasa sauti yake imeanza kurudi. "Mtaulizwa maswali, mtaleta barua ya msikiti, mtaapa kwa wakili. Lakini nyumba haiendi mahali, shosho. Usilie. Kwa kweli ukiangalia hii kadi, long-standing tenant ni wewe sasa. Ghorofa ni yako. Kwanza ngoja nikupige picha, hiyo ya mzee niliyoipanga haifai tena."

Umaima alianza kulia kwa furaha, akimshukuru Mungu kwa sauti, akimkumbatia mamake mabega. Kuluthum alikaa katikati ya mikono hiyo kama gogo. Alikuwa akijaribu kuhesabu na akashindwa. Kila alipofika tisini na sita hesabu ilikwama, ikarudi kwa shangazi na halua yake iliyofungwa vizuri.

Jepchumba alimsogeza karibu na dirisha penye mwanga, akampa kadi ashike kifuani. Akarudi nyuma, akainua tableti, akaishusha.

"Mzee, samahani. Songa kidogo. Unaingia kwa picha."

Musab alisonga. Aliiweka kofia ya Salmin juu ya mkono wa kiti, akaipapasa ikae sawa, akachukua kisanduku chake cha spana. Hatua nzito, hatua nyepesi, mpaka mlangoni. Alivaa viatu nje ya kizingiti, pale pale pake pa siku zote.

"Musab," Kuluthum aliita. Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu.

Musab aligeuka. Msikitini adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza.

"Stovu ikisumbua, nitumie mtu," alisema. "Haya, Bi Kuluthum."

Picha ile ilitoka kwenye jarida mwezi uliofuata, na nyingine kubwa ikabandikwa ukutani ofisini. Chini yake waliandika kwamba mama huyu ni mpangaji wa miaka mingi kuliko wote, na hilo ni kweli. Ameishika kadi vizuri kama alivyoagizwa, upande wa majina ukiwa mbele. Lakini hatazami kamera. Anatazama mlangoni.